Nyigu wa Kitale na nyigu wa Mombasa: je, tuwahamishe?

Cotesia sesamiae ni nyigu mweusi wa Afrika, mwenye urefu wa milimita chache tu, anayewaua bungua, yaani viwavi watoboao mabua, wa mahindi na mtama. Jike huingia katika tundu alilotoboa kiwavi ndani ya bua, humdunga na kumtia makumi ya mayai kwa mara moja. Kwa macho huwezi kumtofautisha nyigu wa mbari ya Kitale, nyanda za juu za Kenya, na wa mbari ya Mombasa, pwani. Wape kiwavi wa Busseola fusca, bungua anayetawala nyanda za juu, na tofauti itajitokeza: wana wa nyigu wa Kitale hukua humo hadi wakatoka, ilhali wa Mombasa hufia ndani. Kwa Sesamia calamistis, bungua mwingine, mbari zote mbili hufanikiwa.

Siri iko katika kile anachodunga. Pamoja na mayai, jike hupenyeza sumu na virusi vya kundi la polidinavirusi, ambavyo jeni zake zimo katika jenomu (jumla ya jeni) ya nyigu mwenyewe. Kazi ya virusi hivyo ni kulemaza kinga ya kiwavi. Vikishindwa, chembe za damu za kiwavi hulizingira yai, tabaka juu ya tabaka, mpaka likose uhai.

Wanaotaka mbari ya Kitale isambazwe wana hoja nzito. Jike wa Mombasa hamkwepi Busseola. Humdunga kama anavyomdunga Sesamia. Kwa kuwa huishi siku chache tu, kila Busseola anayemdunga ni uzao uliopotea, na shamba lenye Busseola wengi hugeuka mtego wa kuwamaliza nyigu wenyewe. Cotesia flavipes, nyigu wa jamaa yake aliyetoka Pakistan na kuachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993 ili kupambana na bungua Chilo partellus, hawezi kuziba pengo hilo, maana naye mayai yake huzingirwa ndani ya Busseola.

Upande wa pili kuna Wolbachia, bakteria anayerithishwa kupitia mayai, na hapa ndipo mipango mingi ingeweza kukwama. Wolbachia alikutwa katika nyigu wa Mombasa, si wa Kitale. Dume mwenye bakteria akimpanda jike asiye naye, mayai yaliyorutubishwa huharibika. Kwa nyigu hawa yai lisilorutubishwa hutoa dume, hivyo jike kama huyo huishia kupata wana wa kiume karibu watupu. Ukiwaachilia nyigu wachache wa Kitale katikati ya wengi wa pwani, wageni ndio watakaokosa mabinti.

Kwa maoni yetu kuhamisha kunafaa pale tu Busseola anapotawala na majaribio yamefanywa kwa viwavi wa eneo hilohilo. Jina la mbari kwenye kibandiko cha chupa halitoshi: kundi lililofugwa kwa vizazi vingi juu ya Sesamia halishurutishwi kudumisha uwezo wa kumshinda Busseola, na C. flavipes akipenya maabara hatambuliki mpaka uchunguze viungo vya uzazi vya dume kwa hadubini.

Jaribio lenyewe si gumu. Usitumie viwavi waliookotwa shambani moja kwa moja, kwani huenda wameshadungwa. Fuga kizazi kimoja kwanza. Chukua angalau 30 wa hatua ya nne ya ukuaji. Mshike kila mmoja kwa kibano laini mbele ya jike aliyekwisha kupandwa, naye atadunga haraka. Waweke kwenye vipande vya bua kwa nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi. Baada ya siku 3 wapasue 10 ndani ya maji ya chumvi hafifu: yai zima huwa safi, lililoshindwa limevaa ganda la chembe, mara nyingi la kahawia. Usiishie hapo, kwa kuwa yai safi siku ya 3 bado linaweza kufa baadaye. Waliobaki wasubiri takriban wiki 2, uone kama mabuu wa nyigu watatoboa ngozi ya kiwavi na kusuka vifukofuko vyeupe.

Kisha wapandishe majike wa mbari ngeni na madume wa mahali hapo, uwape viwavi wa Sesamia, uhesabu jinsia ya watakaotoka. Wakitoka madume karibu watupu, ilhali majike wenzao waliopandwa na madume wa mbari yao wanazaa mabinti kama kawaida, sitisha uachiliaji.