Mitutu minne, leseni moja

Nianze na msimamo wangu, ili anayekuja kubishana ajue anabishia nini. Rivolva, yaani bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye silinda inayozunguka, ikiwa ni ile inayobadilishwa mtutu, ni moja ya mashine nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Na kwa mtu wa Arusha anayetaka silaha ya kulinda nyumba au duka, kulipia mitutu ya ziada ni kutupa hela.

Nimesukumwa kuandika na mzee mmoja, mfanyabiashara wa madini ambaye maisha yake ni kupanda na kushuka Mererani. Alinitumia picha kwenye simu: sanduku limefunguliwa, ndani kuna sponji iliyokatwa kwa umbo, bastola imelala juu na chini yake mitutu minne imepangwa kuanzia mfupi hadi mrefu. Muuzaji ni mtu anayehama nchi. Nikampigia, nikamwamkia, akaniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, wewe ni fundi wa mashine. Hii nikiichukua si nimepata bastola nne kwa bei ya moja na nusu?"

Hapana mzee. Umepata bastola moja na maswali matatu.

Kilichokuwa kwenye picha ni Dan Wesson, na inabidi niisifu kwanza kabla sijaisema. Jina hilo ni la mtu. Daniel Wesson huyu alikuwa kitukuu wa yule Wesson aliyeshiriki kuanzisha kampuni ya silaha ya Smith & Wesson. Kampuni ya ukoo iliponunuliwa na wawekezaji wa nje, akaondoka, na mwaka 1968 akaanzisha kiwanda chake mjini Monson, jimbo la Massachusetts. Mchoro wenyewe ulitoka kwa mhandisi Karl Lewis. Wesson alifariki mwaka 1978, kampuni ikapita mikono kadhaa, ikahamia Norwich, New York, na tangu 2005 iko chini ya CZ-USA, tawi la Marekani la kampuni ya silaha ya CZ ya Ucheki. CZ ni jina ambalo wawindaji wa Arusha hawahitaji kutambulishwa. Raifo zake za .375 wanazijua vizuri.

Sasa tuje kwenye chuma. Katika rivolva ya kawaida mtutu umekazwa kiwandani kwenye fremu, yaani kiwiliwili cha bastola, na kuutoa ni kazi ya fundi wa silaha mwenye vifaa vyake maalumu. Ukikosea, fremu inapinda, na fremu ikipinda umebaki na kipande cha chuma. Lewis alifanya vingine. Mtutu wake ni bomba jembamba lenye nyuzi kila upande. Unauzungusha kwa mkono uingie kwenye fremu, unauvika koti la chuma ambalo ndilo linabeba kilengeo cha mbele, kisha unakaza nati mdomoni kwa spana yake maalumu. Za mwanzo nati ilikaa nje kabisa, baadaye wakaizamisha ndani ya koti. Ile nati ikikazwa inauvuta mtutu mbele huku fremu imeushika nyuma. Umebanwa pande zote mbili, umenyooka kwa mvutano. Hapo ndipo sifa yake ya kulenga vizuri ilipotoka, na miaka mingi baadaye Smith & Wesson wenyewe wakaanza kutumia mtutu wa vipande viwili kwenye baadhi ya bastola zao. Ukoo una kisasi chake.

Kazi yote inategemea upenyo mmoja. Kati ya uso wa silinda na kitako cha mtutu lazima pabaki nafasi, na kiwanda kilitoa fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya inchi 0.006, yaani takriban milimita 0.15. Kijana yeyote wa gereji pale Unga Limited, hapa Arusha, anaijua fila. Ndiyo anayopimia tapeti za pikipiki. Unaiweka fila, unauzungusha mtutu mpaka uiguse, unavika koti, unakaza nati, unatoa fila, halafu unapima tena, kwa sababu kukaza nati kunaweza kusogeza kipimo. Mwisho unazungusha silinda tundu moja baada ya jingine, kuona kama hakuna linaloparuza. Upenyo ukiwa mdogo mno, baada ya risasi chache masizi na joto vinafanya silinda ing'ang'anie. Ukiwa mkubwa mno, gesi ya moto na vumbi la risasi vinatoka ubavuni, na unapoteza nguvu. Mtu mwenye mikono mitulivu anamaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Mimi kama mtu wa leisi, mashine ya kuchongea chuma, naona uzuri wake halisi uko hapa, wala si kwenye urefu. Mtutu wa rivolva unaanza kuliwa pale nyuma, kwenye koo, ambako moto wa kila risasi unapigia. Kwenye bastola nyingine koo likiisha, unatafuta kiwanda. Kwenye hii unatafuta bomba jipya, unalifunga mwenyewe mezani. Mwenye mali ndiye fundi. Wamarekani waliolielewa hilo ni wale wa mchezo wa kulenga sanamu za chuma, ambao chama chao cha kimataifa kiliundwa 1976: kuku mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo mita 200, na sanamu lazima ianguke, kuigusa tu hakuhesabiki. Mtu wa mchezo huo anafyatua risasi nyingi, anaua mitutu, na anahitaji mtutu mrefu wa inchi nane au kumi kwa kondoo aliyeko mbali. Kwake yeye sanduku lile ni kifaa cha kazi.

Mzee wangu hana kondoo wa chuma. Ana geti, mbwa wawili na mlinzi.

Kwanza nimwondolee dhana ambayo nimeisikia kwa wengi, kwamba ukibadilisha mtutu unabadilisha na aina ya risasi. Haibadiliki. Ya .357 Magnum inabaki .357 (na inakubali .38 Special, kama rivolva zote za .357), ya .22 inabaki .22, na mitutu ya fremu kubwa za .44 haiingii kwenye fremu ndogo. Unachobadilisha ni urefu: kwenye sanduku kama lile huwa ni inchi 2.5, 4, 6 na 8. Na kila ukibadilisha, risasi inahama pale inapopiga, kwa hiyo unarudi kulenga upya na kurekebisha kilengeo. Kulenga upya kunakula risasi. Risasi hapa kwetu unanunua kwa kibali, hazinunuliwi kama misumari. Mtu akibadilisha mtutu Jumamosi kwa kujifurahisha, Jumapili ana bastola ambayo hajui inapiga wapi, na hiyo ndiyo ameiweka kabatini kwa ajili ya usiku wa hatari. Ni afadhali mtutu mmoja mbovu unaoujua tabia.

Tukija kwenye matumizi, mtutu wa inchi 2.5 una mwanga na mshindo wa kumpofusha na kumziba masikio mfyatuaji ndani ya chumba, tena kwa Magnum. Wa inchi nane hauchomoki haraka, wala haufichiki. Kuwinda? Watalii wanaokuja kuwinda Tanzania hawaruhusiwi hata kuja na bastola. Porini kwetu ni raifo na shotgani. Mashindano ya sanamu za chuma sijawahi kuyaona Arusha wala Moshi. Inabaki inchi nne, na inchi nne unaipata kwenye Ruger au Smith & Wesson ya kawaida bila sanduku wala sponji.

Halafu kuna sheria, na hapa nawaomba wasomaji wanaopenda kusoma mabishano ya Wamarekani mtandaoni wapunguze mwendo. Kule, sheria yao ya silaha ya 1968, mwaka ule ule Wesson alipofungua kiwanda, inahesabu fremu ndiyo silaha. Mtutu ni kipuri. Unaagiza unaletewa mlangoni. Ndiyo maana biashara ya mitutu minne ilishamiri kwao. Uingereza mtutu wenyewe unahitaji kibali. Sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na nchi yetu ilitia saini Itifaki ya Nairobi ya 2004, makubaliano ya nchi za ukanda huu ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo inataka udhibiti usiishie kwenye silaha nzima bali ufike hadi kwenye vipande ambavyo bila hivyo silaha haifanyi kazi. Kama mtutu si kipande cha namna hiyo, basi sijui ni kipi.

Namba ya bastola ile iko kwenye fremu, na leseni itafuata namba hiyo. Mitutu mitatu iliyobaki inakuwa nini mbele ya askari anayefungua sanduku? Waliopitia uhakiki wa silaha wa mwaka 2016 wanakumbuka foleni na maswali, na hao wengi walikuwa na kipande kimoja tu mkononi. Polisi naye ana sababu: alama zinazobaki kwenye risasi zinatoka ndani ya mtutu. Kwa hiyo nilimwambia mzee kwamba akishikilia kununua, kila mtutu uandikwe kwenye maombi kuanzia mwanzo, urefu wake na hali yake, na hela isitoke mfukoni kabla karatasi hazijakamilika. Muuzaji anayehama nchi ana haraka. Haraka hiyo si ya mnunuzi.

Akaniuliza swali nililolitegemea. "Na wewe si una leisi? Mtutu ukiisha si utanichongea?"

Sichongi. Mafundi silaha wana leseni yao na mimi sina, hilo moja. La pili ni hesabu. Kiwango cha juu cha msukumo wa .357 Magnum ni 35,000 psi (pauni kwa kila inchi ya mraba). Tairi la gari dogo unalijaza kama 30 hivi. Bomba lililochongwa kwa chuma cha shafti iliyookotwa, ambacho hakuna anayejua kilipikwaje, mtu aliweke mbele ya uso wake halafu alijaze zaidi ya tairi mara elfu moja? Kuna kazi nazikataa kwa sababu ya bei, na nyingine nazikataa kwa sababu nataka kulala.

Kwa hiyo ile sifa niliyoipa mwanzo, ya mwenye mali kuwa fundi wa mali yake, ndiyo inayokufa ikifika kwetu. Mitutu yenyewe haiko dukani Arusha, kuiagiza kunafuata vibali, na Dan Wesson nyingi zinazozunguka ni za zamani, za Monson, ambazo vipuri vyake wanavigombania wakusanyaji wa Marekani.

Mzee hajaamua. Amesema atakwenda kuiona. Sawa, basi aangalie haya. Spana ya nati iwepo, ya asili. Fila anaweza kununua mahali popote. Nati isiwe na meno yaliyotafunwa na plaizi, kwa sababu huo ni ushahidi kwamba mtu alifunga bila spana, na aliyefanya hivyo hakupima upenyo pia. Atazame koo la kila mtutu kwa tochi, hasa wa inchi nne ambao ndio hupigwa sana. Kitufe cha kufungulia silinda kiko mbele, kwenye mkono wake, hakiko ubavuni nyuma kama alivyozoea kwa Smith & Wesson; asikilazimishe akidhani kimekwama. Avute triga taratibu silinda ikiwa tupu, ahakikishe kila tundu linajifunga sawasawa. Na kama muuzaji atakubali kumwachia bastola na mtutu wa inchi nne peke yake kwa bei iliyopungua, mitatu mingine aende nayo huko anakohamia.