Maji Yalikuwa ya Kiunoni

Haya, jamani. Nimeiona. Najua nanyi mmeiona. Fundi, mshonaji wangu wa kanzu, alianza kuisambaza ile klipu yangu ya ziwani Jumapili alfajiri, kabla hata kanzu haijakauka kwenye kamba, na kufika adhuhuri ilikuwa imeshavuka mpaka wa Malaba bila pasipoti. Shangazi yangu wa Kisauni alinipigia simu kutoka Mombasa. Hakusalimia. Aliuliza tu: "Na wewe, ziwani ulifuata nini?"

Basi nisikilizeni mwenyewe, maana yale maelezo ya Fundi chini ya klipu ni uzushi mtupu. Hakukuwa na mamba. Sikuopolewa na wanaume watatu, walikuwa wawili, na wa pili alikuwa anaokoa kanzu. Na sikumwita mama. Nilimwita bibi, ambaye ni marehemu, kwa hiyo sijui nilitarajia afanye nini.

Darasa langu la jioni mnalijua, nimewachosha nalo vya kutosha. Watu wazima wa Kampala walioanza kutafuta Kiswahili mbiombio baada ya baraza la mawaziri la Uganda kuidhinisha kiwe lugha rasmi, Julai 2022. Yumo Hajati, mwenye duka la vitambaa kule Kikuubo. Yumo Afande, mstaafu wa jeshi, ambaye Kiswahili chake ni cha kambini: kinafika, kinaeleweka, kinaogopesha, ila ngeli hakina. Kwake kila kitu ni "iko". Maji iko. Watu iko. Mwalimu iko wapi? Miezi mitatu mizima nimemsimamisha mbele ya wenzake nikimsahihisha. Kumbukeni hilo, lina kazi huko mbele.

Tulipomaliza muhula wakachanga pesa, wakakodi boti ya starehe ya jioni itoke Port Bell, izunguke ghuba, irudi saa tatu. Chakula, diijei, taa za rangi. Mimi nikaambiwa nisilipe chochote, nilete pilau tu. Kwa nini pilau? Kwa sababu tangu siku ya kwanza nimewaimbia kwamba mimi ni mtu wa pwani, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, na kwamba pilau ya bibi yangu ina siri isiyoandikwa popote.

Sasa hapa nitasema kitu, lakini kwa kuwa mmeshakisikia kwenye klipu, hakuna haja ya kujificha. Mimi sijui kupika pilau. Niliinunua Kisenyi, kwenye mkahawa mmoja wa Wasomali, pilau ya mbuzi inayonukia hiliki mpaka barabarani. Nikaihamishia kwenye sufuria yangu, na kabla ya kutoka nikaipaka sufuria masizi ukingoni ionekane imetoka jikoni. Masizi, jamani. Mtu mzima mwenye stashahada.

Nikavaa kanzu mpya aliyonishonea Fundi, ndugu yetu wa Bukavu, nyeupe kama maziwa, na kofia ya vito. Fundi naye nikamwalika, ili watu wakiisifu kanzu apate wateja. Ndivyo nilivyomlea nyoka mwenyewe.

Port Bell, kwa wasioijua, iko Luzira, kama kilomita kumi hivi kutoka katikati ya jiji. Ukiwa garini unapita gereza na harufu ya kimea cha bia, halafu Ziwa Victoria linakufungukia mbele kwa ghafla. Reli nayo inaishia hapo hapo majini, maana kuna meli zinazobeba mabehewa mpaka Mwanza. Nilishuka pale nikatazama yale maji kama mtu anayemtazama mdogo wake. Nikasema, kwa sauti, mbele ya mashahidi: "Hili ni bwawa tu. Sisi tumelelewa na bahari."

Ukweli ni kwamba uzoefu wangu wote wa bahari ni feri ya Likoni. Dakika kumi, nimesimama, nimeshikilia nguzo.

Nahodha akagawa majaketi okozi. Nikajaribu kulikwepa langu kwa hoja ya kanzu. Hakunicheka wala hakubishana. Alisema tu kwamba boti haitang'oa nanga. Tangu ile boti ya starehe ilipozama upande wa Mukono, Novemba 2018, na watu zaidi ya 30 wakafa, nahodha mwenye akili hana mzaha na jambo hilo. Nikalivaa juu ya kanzu. Nikafanana na yai la kuchemsha lililofungwa utepe wa rangi ya chungwa.

Safari yenyewe ilikuwa tamu, sitaki kuwadanganya. Ikweta inakata ziwa hapo kusini kidogo tu, kwa hiyo jua la huko halibembelezi, likifika saa moja kasoro linadondoka kama embe. Taa za Ggaba na Munyonyo zikawaka. Sami wakaja, wale wadudu wa ziwani, wingu zima, ukicheka unameza. Lingala ikapigwa. Mimi nikasimama ubavuni nikiwafundisha watu upepo: huu ni kusi, kungekuwa kaskazi mngeona mawimbi. Nahodha akanitazama kwa huruma. Kusi na kaskazi ni pepo za Bahari ya Hindi. Ziwani kuna upepo wa nchi kavu na upepo wa ziwa, basi, na yeye ameishi nao tangu utotoni.

Pilau ikaliwa. Hajati alirudia sahani mara tatu. Akaniuliza, amenishika mkono: "Mwalimu, bambi, niambie tu, hiliki unatia kabla ya nyama au baada?" Nikafumba macho. Nikamwambia, "Hajati, kuna mambo bibi aliniusia nisiyatoe nje ya ukoo."

Mwenyezi Mungu akasikia. Sasa tulieni.

Tulirudi saa tatu kasoro. Tulipokuwa huko katikati, upepo (si kusi) ulikuwa umelisukuma gugu maji lote la ghuba likajaa gatini. Nahodha akazima injini mapema lisije likajisokota kwenye rafadha, akachukua upondo akawa anatusogeza polepole. Na mimi niko mbele kabisa ya boti, kifua mbele, kwa sababu nilikwisha watangazia kwamba mtu wa pwani hushuka wa kwanza.

Nilichokiona mimi, chini ya taa ya gatini, ni bustani. Wallahi. Majani ya kijani, mazito, yamepangika, na viua vya zambarau hapa na pale. Ilikuwa karibu kabisa, hatua moja. Na juu yake, na hili ndilo lililonimaliza, alikuwa amesimama ndege mmoja mweupe, mguu mmoja, ametulia kama mlinzi wa benki. Nikajiambia: ndege kasimama, hapa pana nchi. Sikujiuliza ndege yule ana uzito gani na mimi nina sahani ngapi za pilau tumboni.

Nikasikia nahodha anasema, "Ssebo, ngoja." Nikainua kanzu kwa vidole viwili, kistaarabu. Nikageuka nyuma kuwatazama wanafunzi wangu. Nikasema, "Tazameni wanavyoshuka wenyewe."

Nikatia mguu.

Mguu ukakubaliwa. Nawaapia, kwa kitambo kama cha kupepesa jicho, yale majani yalinibeba, nami nikapata nafasi ya kutabasamu. Klipu inaanzia hapo, kwenye tabasamu. Halafu bustani ikafunguka. Haikunitupa, haikunivunja, ilifunguka tu taratibu kama pazia, na mimi nikashuka ndani yake wima, bado nimeinua kanzu kwa vidole viwili. Ndege akaruka. Kofia ikabaki juu ya maji pale pale kilipokuwa kichwa changu, kisha ikaanza safari yake kuelekea Mwanza.

Nilipoibuka, jaketi lilikuwa limepanda mpaka masikioni na kunilaza chali. Kanzu ilikuwa imejaa hewa na kunifumukia kifuani kama mwavuli, na chini yake ikaonekana, mbele ya Hajati na mbele ya Kampala nzima, bukta ya manjano yenye michoro ya mananasi. Ni zawadi. Msiniulize ya nani. Mizizi ya gugu maji ikanikamata miguuni, laini, yenye manyoya, nikadhani ni vidole. Nikakunja magoti mpaka kidevuni. Nikapiga kelele.

"Bibi! Bibi weee!"

Diijei, ambaye tangu saa kumi na moja hakuwa amepunguza sauti hata kwa dua ya chakula, alizima muziki wakati huo huo.

Mtu anayekufa, wanasema, huyaona maisha yake yote. Mimi niliiona sufuria. Nikayaona yale masizi. Nikawaza: ninakwenda kuzikwa na uongo wa pilau shingoni. Na ndani ya ule ukimya, sauti yangu ikatoka safi, imetamkwa vizuri, kila silabi mahali pake: "Hajati! Pilau si yangu! Ni ya Kisenyi! Nisamehe, Hajati!"

Kisha wimbi dogo likanipita mdomoni, nikameza, nikalia: "Nakufa! Maji imeniingia!"

Imeniingia. Mimi. Maji imeniingia.

Kule juu ya boti hakuna aliyepumua. Fundi peke yake alisikika anapaza sauti, "Kanzu! Mushike kanzu!" Halafu Afande akainama ubavuni, polepole, mikono nyuma kama anakagua gwaride. Akanitazama vizuri. Akasema, "Yameniingia, mwalimu. Ngeli ya YA-YA."

Akaninyamazia kidogo, kama ninavyomnyamazia mimi akikosea.

"Sasa simama. Maji iko ya kiuno."

Nikashusha mguu mmoja. Ukagusa tope. Nikashusha wa pili. Nikasimama. Jamani, nikasimama, na ziwa kubwa kuliko yote Afrika likanifika hapa, chini ya kitovu. Jani moja la gugu maji kichwani, ua la zambarau sikioni. Hakuna aliyecheka mara moja, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba walinisubiri kwanza nijione mwenyewe. Mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hapo ndipo mtoto wa Mombasa alipotaka kuzama.

Kilichofuata ni cha kupita haraka. Wakacheka. Nahodha alicheka mpaka akauachia upondo. Nikatolewa, nikafungwa kitenge cha Hajati, nikapakiwa kwenye bodaboda ambaye aliongeza bei kwa sababu ya harufu. Mtasema harufu gani, ni maji tu. Mfereji wa Nakivubo, unaobeba uchafu wa katikati ya jiji, unamwaga kwenye ghuba hiyo hiyo. Na maji mengi ya bomba ya Kampala yanavutwa hapo mbele, Ggaba. Kwa hiyo nyinyi mnaonicheka mkiwa Kansanga, nilichomeza mimi Jumamosi nanyi mnakimeza kila siku, ila chenu kimetiwa dawa.

Jumatatu nikaenda duka la dawa kuulizia kichocho. Yule dada akanieleza vizuri kwamba nisubiri wiki kadhaa ndipo nimeze vidonge, maana dawa hupiga minyoo iliyokwisha komaa. Akaandika jina langu. Akalitazama. Akasema, "Ni wewe wa pilau?"

Kuhusu lile gugu, sasa nimesoma habari zake zote kwa uchungu. Asili yake Amerika ya Kusini. Miaka ya 1990 liliwahi kuziba bandari hiyo hiyo mpaka serikali ikaingiza wadudu maalumu wa kulitafuna. Walilitafuna kweli. Walibakiza kipande changu.

Hajati amenisamehe, kwa masharti: anataka nimpeleke Kisenyi aonyeshwe mkahawa. Fundi sijamsamehe. Ameanza kupokea oda za kanzu, anasema watu wanamwambia wameona jinsi kitambaa chake kinavyohimili maji.

Na jana, Jumatatu jioni, kulikuwa na kipindi cha kufunga muhula na kugawa vyeti. Nilifikiri kutokwenda. Nikaenda. Nimeingia, wote wamekaa wima, kimya, watu wa adabu sana, na ubaoni pameandikwa sentensi moja kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika ripoti za doria: UKISIMAMA HUTAZAMA.

Afande akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hiyo hu- iliyoko hapo, ni ya mazoea au ni ya kukanusha?"