Gari la Spoti la Kila Siku Nakuru: Tafuta Lile Ambalo Halijaguswa

Gari la spoti lililotumika linaweza kabisa kuwa gari la kila siku hapa Nakuru: la kwenda kazini asubuhi, la kuwapeleka watoto shuleni, na la kupanda Mau Summit kuelekea Kisumu kuwaona wazazi mwisho wa mwezi. Wengi wanaofikiria kulinunua huanza na jina la gari na idadi ya farasi (kipimo cha nguvu za injini), kisha hubishana mpaka usiku kuhusu Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution. Kwa maoni yangu, jina ni jambo la baadaye. La kwanza ni kwamba gari lenyewe liwe halijaguswa, yaani injini, turbo (pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini), springi, bomba la moshi na kompyuta yake viwe kama vilivyotoka kiwandani, hata kama kwa sababu hiyo utalipa zaidi na kupata nguvu kidogo kuliko jirani yako.

Naelewa mapenzi tuliyo nayo kwa magari haya, na sioni haya kuwa miongoni mwa wapenzi hao. Kizazi chetu kilimwona Ian Duncan akishinda Safari Rally mwaka 1994 kwa Toyota Celica, kikamshangilia Patrick Njiru katika Subaru, kikashuhudia Impreza ikishinda tena na tena, mwaka 1997 ikiwa mikononi mwa Colin McRae na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Tangu mwaka 2021 mashindano ya dunia yamerudi, na vumbi lake hutimka Naivasha, katika kaunti yetu wenyewe. Hata hivyo, magari yale ya Safari yaliinuliwa juu, yakawekewa bamba zito la chuma chini ya injini, na yakawa na kundi la mafundi lililoyafumua na kuyafunga upya mashindano yakiendelea. Gari linalouzwa leo mtaani kwa jina lilelile mara nyingi limefanyiwa kinyume chake: limeshushwa mpaka linakwaruza lami, bomba la moshi limefunguliwa ili litoe milio kama ya risasi, na shinikizo la turbo limeongezwa na mtu ambaye hakuacha karatasi yoyote inayoeleza alichokifanya.

Hapa ndipo mwinuko wa mji wetu unapoingia, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kamwe. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho, kwa hiyo Toyota 86 ambayo kiwandani imeandikwa farasi 200 huwa hapa kwetu na takriban 165, na ukipanda mpaka Timboroa, kwenye barabara ya Eldoret, ambako barabara inapita mita 2,700, huzidi kupungua. Kisumu, iliyo karibu na mita 1,130, humrudishia dereva sehemu ya nguvu hizo. Injini yenye turbo hufidia upungufu huo kwa kuisukuma hewa kwa bidii zaidi, na hiyo ndiyo sababu halisi ya Subaru zenye turbo kupendwa sana Bonde la Ufa, wala si mbwembwe tu.

Lakini fidia hiyo ina gharama. Ili turbo ifikishe ndani ya injini kiasi kilekile cha hewa kilichokusudiwa na kiwanda, hapa juu hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko pwani, na hewa inayotoka humo huwa na joto zaidi. Mhandisi aliyeiunda aliacha nafasi ya kutosha kwa hali kama hiyo. Fundi anayeongeza shinikizo baadaye hula nafasi hiyohiyo, na turbo inayovumilia marekebisho yale katika nchi tambarare iliyo karibu na bahari huweza kufikia ukomo wake kwenye mlima wa Sachangwan, njiani kwenda Mau Summit, nyuma ya lori la mizigo, gari likiwa na watu wanne na mabegi. Ndiyo maana siliamini gari la turbo lililoongezwa nguvu, hata likinguruma vizuri namna gani siku ya kulijaribu.

Suala la petroli linaongezea uzito hoja hii. Magari mengi ya spoti yaliyouzwa Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, yenye okteni (kiwango cha petroli kustahimili kubanwa bila kulipuka kabla ya wakati) 96 au zaidi, ilhali super ya kawaida tunayojaza hapa iko chini ya hapo. Injini ikipewa petroli ya okteni ndogo kuliko inayohitaji, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla ya wakati wake, injini hugonga, na kugonga huko kukiendelea huvunja pistoni mahali zinaposhikiliwa pete zake. Kompyuta ya kiwandani husikiliza kugonga huko kwa kutumia kihisi na kurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuilinda injini. Programu iliyochezewa huweza kuwa imeupunguza ulinzi huo, na mnunuzi hana njia rahisi ya kujua. Kwa bahati njema, injini isiyo na turbo hupata nafuu katika mwinuko wetu, kwa sababu hewa nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda, hivyo hatari ya kugonga pia hupungua. Toyota 86 yenye mgandamizo mkubwa wa 12.5 kwa 1, yaani hewa hubanwa mara 12.5 ndani ya silinda, huwa tulivu zaidi Nakuru kuliko Mombasa kwa petroli ileile, ingawa mimi bado ningeijazia petroli ya daraja la juu kila inapopatikana.

Kuna pia vumbi letu. Udongo wa eneo hili ni wa volkano, mwepesi na wenye chembechembe kali, na pale Kariandusi, karibu na Elmenteita, huchimbwa diatomaiti, ambayo ni unga wa silika. Kiwanda huificha chujio ya hewa ndani ya kisanduku kilichofungwa, nayo huvuta hewa baridi kutoka mbele. Wapenda marekebisho hukitoa kisanduku hicho na kuweka chujio ya wazi yenye umbo la koni ili wausikie mvumo wa turbo. Chujio ya namna hiyo huvuta hewa ya moto kutoka juu ya injini, na isipotunzwa kwa makini mno hupitisha chembechembe zinazosaga pete za pistoni na mapanga ya turbo. Ukifungua boneti ukakuta chujio ya wazi, hesabu kwamba gari hilo limekuwa likila vumbi, na uulize kwa muda gani.

Sheria ya uagizaji nayo huamua mengi kuliko tunavyokiri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo Toyota Altezza iliyokoma kutengenezwa mwaka 2005, Impreza WRX ya umbo lile la miaka ya 2000 hadi 2007, na hata Mazda RX-8 iliyofikia mwisho mwaka 2012, zote hupatikana tu miongoni mwa magari ambayo tayari yana nambari za Kenya na yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa. Anayeagiza kutoka Japani leo atabaki na 86 na pacha wake Subaru BRZ za miaka ya karibuni, Mazda Roadster ya umbo lililoanza mwaka 2015, Golf GTI na machache mengine. Anayeagiza apewe karatasi ya mnada (ripoti ya ukaguzi wa gari mnadani Japani) kabla ya kulipa chochote, na akiona alama ya R mahali pa daraja ajue kwamba gari hilo lilipata ajali na kutengenezwa. Anayenunua hapa nchini hana karatasi hiyo, kwa hiyo lazima aitafute historia kwa njia nyingine: risiti za vipuri, kitabu cha huduma, jina la fundi, na rekodi ya umiliki kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, ambayo pia humwonyesha kama kuna benki inayolidai gari hilo. Muuzaji asiyeweza kuonyesha lini mkanda wa taimingi, unaoratibu vali na pistoni, ulibadilishwa kwenye Subaru yenye injini ya EJ20, kazi ambayo hustahili kufanywa karibu na kilomita 100,000, anakuuzia pia gharama ya mkanda huo, na huenda ya injini nzima.

Kuhusu RX-8 sitasema mengi. Injini yake ya rotari, yenye rota zinazozunguka badala ya pistoni, hula oili kwa maumbile yake, huhitaji kipimo maalumu cha mgandamizo ambacho fundi wa kawaida hana, na mihuri ya ncha za rota ikichoka hakuna jua kali itakayokuokoa. Ni gari zuri, lakini si gari la kila siku kwa mtu anayepaswa kufika kazini saa mbili.

Jambo ambalo ningependa lizungumzwe zaidi ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata, ile inayofumka kumlinda dereva wakati wa ajali. Impreza nyingi za katikati ya miaka ya 2000 na RX-8 ni miongoni mwa magari yaliyoitwa na watengenezaji duniani kote ili yarekebishwe kwa sababu kifaa kinachoujaza mfuko wa hewa huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha hulipuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Unyevu wa Kisumu, kando ya ziwa, ni aina hasa ya hali inayoharakisha uharibifu huo. Nambari ya chesisi inaweza kuangaliwa kwenye tovuti za watengenezaji, na kazi hiyo haichukui muda wala haigharimu kitu. Wanaotazama 86 au BRZ za mwaka 2012 na 2013 wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa mwaka 2018 ziliitwa ili zibadilishwe springi za vali. Inaniuma kuona mtu akitumia wiki nzima kuchagua rimu na asitumie dakika chache kwa jambo linalogusa uhai wake.

Sasa kuhusu barabara. Uwazi kati ya sehemu ya chini ya 86 na barabara ni takriban milimita 130, na matuta ya hapa hayakujengwa kwa kipimo kimoja. Usilijaribu gari kwenye lami ya katikati ya mji peke yake. Lipeleke mpaka kwenye lango lako, likiwa na watu wanne ndani, upite matuta yote ya njia yako ya kila siku, na ikiwezekana ufanye hivyo baada ya mvua. Anayeishi Milimani na kufanya kazi mjini anaweza kumiliki karibu gari lolote. Anayeishi ndani kule Kiamunyi, Bahati au Njoro, mahali lami inapoisha kabla ya nyumbani, aamue kwa mujibu wa kilomita ile ya mwisho. Gari lililoshushwa halifai kwa yeyote kati yao. Kwa sababu hiyohiyo napendelea toleo la chini la 86, lile la G lenye tairi za 205/55 na rimu za inchi 16, kuliko lile lenye 215/45 na rimu za inchi 17, kwa kuwa ukuta wa tairi ulio mnene kidogo ndio unaookoa rimu shimo linapojificha chini ya maji. Na mwenye Subaru inayoendeshwa na magurudumu manne asinunue tairi mbilimbili kama tulivyozoea, kwa sababu tairi zikitofautiana mzingo, difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hufanya kazi bila kupumzika na mwishowe hufa.

Kabla ya kulipa, piga simu kwa kampuni ya bima ukiwa na mwaka wa gari mkononi, kwa kuwa nyingi husitasita kutoa bima kubwa (inayofidia hata gari lako mwenyewe) kwa gari lililozeeka, na gari la spoti lenye bima ya mtu wa tatu pekee ni mali iliyoachwa wazi. Piga pia simu Kirinyaga Road, Nairobi, uulize bei za klachi, rejeta na shokabzoba za gari hilo hasa. Vipuri vya Subaru huja Nakuru siku hiyohiyo kwa matatu; vya Roadster huenda vikasubiri meli.

Ningeulizwa nichague mimi, kwa mwenye lami mpaka mlangoni ningechukua 86 ya G yenye gia za mkono, ambayo haijafunguliwa injini wala kubadilishwa springi. Kwa mwenye murram ningetafuta Impreza WRX ya kawaida, si ile ya STI yenye nguvu zaidi iliyopita mikononi mwa vijana wa mashindano, yenye intakula (kipoza hewa ya turbo) yake ya kiwandani na bomba lake la moshi la kimya, hata kama rangi imepauka na viti vimechakaa. Oili ningebadilisha kila kilomita 5,000, na fedha ambazo wengine huzitumia kuongeza farasi ningezitia kwenye mkanda wa taimingi, bushi, breki na tairi nne mpya za aina moja kabla hata sijalipeleka Kisumu kwa mara ya kwanza.