Zipu Iko Kwenye Mengineyo

Kikundi chetu cha ufugaji nyuki huku Mufindi kina wanachama 34, mizinga 61 na ovaroli moja. Ndiyo, moja. Inazunguka mikononi mwa watu kama daftari la michango ya msiba. Ukitaka kurina unamfuata aliyeitumia juzi, unakuta mkewe ameianika pamoja na nepi, unaiondoa kwenye kamba ikiwa bado mbichi, unakwenda nayo hivyohivyo.

Sasa hiyo ovaroli zipu yake imekufa. Haijafa yote. Huku juu inapanda vizuri, inafika kooni na kukaa kama askari wa zamu. Iliyokufa ni ya kuanzia kitovuni kushuka. Nadhani tumeelewana. Nyuki nao wameelewa, tena kabla yenu.

Msimu uliopita niliingia shambani usiku, bomba la moshi mkono mmoja, ndoo mkono mwingine, shemeji nyuma yangu na tochi. Nyuki wetu hawana salamu. Mmoja akishauma anaacha mwiba na kifuko cha sumu, na harufu inayotoka pale inafanana na ya ndizi mbivu. Wenzake wakiinusa wanajua shabaha iko wapi. Kitaalamu mwiba unaukwangua haraka kwa ukucha, usiufinye kwa vidole. Haya, mimi niukwangue vipi mahali pale, shemeji ananimulika?

Wiki nzima nilitembea kama mtu aliyebana mpira wa miguu mapajani. Jirani zangu wakawa wananipa pole bila kuuliza, maana shemeji naye mdomo wake hauna zipu.

Nikajiapiza: mkutano mkuu wa mwaka ukifika, nasimama. Fundi wa Mafinga anataka 4,000, zipu na kazi. Nikampelekea katibu hoja yangu mapema, kwa maandishi, na sahihi. Akaisoma, akakunja uso kama anasoma wosia, akasema, "Ndugu mjumbe, hii tumeipokea. Iko kwenye mengineyo."

Mengineyo! Mtu ambaye hajawahi kukaa mikutano ya vikundi anaweza kudhani hiyo ni ajenda.

Barua ilisema saa 3:00 asubuhi, kwa msisitizo, neno "kamili" limepigiwa mstari. Saa 3:00 tulikuwepo mimi, katibu na mbuzi wa jirani. Ukungu umetanda mpaka ubao wa darasa tulilopewa huuoni ukikaa nyuma. Saa 5 tukawa 16. Katiba yetu inasema nusu ya wanachama, yaani 17. Mama Mwenyekiti akasema hafungui kikao batili hata aombwe na nani. Ikabidi bodaboda atumwe kilabuni, na mnajua huu ni msimu wa mvua, mianzi inachuruzika, ulanzi ni wa kumwaga. Akaletwa mjumbe mmoja kwa masharti kwamba aje na kidumu chake.

Akidi ikatimia. Ikakaa kwenye dawati la nyuma, ikaegemea ukuta, ikalala. Siku nzima kila tukitaka kupiga kura tulianza kwa kuamsha akidi.

Kumbukumbu za mwaka jana zilituchukua saa nzima kwa sababu ya mnyama. Iliandikwa: "Mizinga mitatu iliharibiwa na nyegere." Mzee mmoja akasimama, akasema yeye anamjua nyegere tangu utoto wake. Nyegere akivamia mzinga anaupasua, anakula asali na majana, yaani watoto wa nyuki, anaacha vurugu. Hii mizinga mitatu ilikutwa imefunikwa vizuri, waya umefungwa fundo, na chini kuna alama ya gamubuti. "Nyegere gani huyu anayefunga fundo?" Watu wakageuka kumtazama mtu ambaye simtaji. Yule mtu akasema nyegere wa siku hizi wamebadilika. Tukakubaliana isomeke "mnyama asiyejulikana". Mimi nikanyoosha mkono kuhusu zipu. Nikaambiwa bado.

Akaingia mgeni rasmi, bwana nyuki. Mtu mzuri kwa kweli, ana vikao vitatu siku hiyo lakini aliongea mambo. Akatuambia nyuki kibarua mmoja, maisha yake yote, anatengeneza asali kama sehemu moja ya 12 ya kijiko cha chai. Darasa likanyamaza kwa heshima. Katikati ya ukimya huo akidi ikaamka, ikavuta chupa ya asali ya maonyesho, ikajimiminia vijiko vitatu kwenye ulanzi. Nyuki 36 hao, wamezaliwa, wamefanya kazi, wamekufa, wameishia kwenye kidumu.

Akaendelea kusema kwamba msindano hauna nekta, unachavushwa na upepo, kwa hiyo anayetaka asali apeleke mizinga kwenye mikaratusi na miti ya asili. Mjumbe mmoja aliyetundika mizinga 9 katikati ya misindano, na anayelalamika kila mwaka kwamba amelogwa, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Kosa la bwana nyuki lilikuwa moja, kututajia Siku ya Nyuki Duniani. Mei 20. Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2017, Slovenia ndiyo iliyoomba, kwa kumkumbuka mfugaji wao wa karne ya 18 aitwaye Anton Janša. Nilitaka kuuliza kikundi cha huyo Janša kilikuwa na ovaroli ngapi, lakini watu walishaanza kusema fulana. Tushone fulana! Kila mtu 12,000! Hakuna aliyepinga, hata wale wanaodaiwa ada ya 1,000 tangu msimu wa juzi.

Rangi ndiyo ilileta shida. Njano inaonyesha uchafu. Kijani ni ya chama, watu watatuelewa vibaya. Nyeupe nani atafua na maji haya ya baridi. Ikapita nyeusi. Nikasimama, nikasema, jamani, nyuki wanachukia rangi za giza, ndiyo maana hata ovaroli ni nyeupe. Mama Mwenyekiti akanijibu kwa upole, kama anamjibu mtoto: "Baba, siku hiyo hatuendi kwa nyuki. Tunakwenda wilayani."

Tukala. Wali na maharage na kipande cha nyama ambacho nilikitafuta kwa uma muda mrefu. Baada ya hapo mweka hazina akasoma mapato na matumizi, haraka haraka, sauti ileile ya matangazo ya vifo. Soda za kamati, 38,000. Nauli ya kamati kufuata soda, 10,000. Vocha ya simu kufuatilia bei ya zipu, 6,000.

Nikasema, rudia hapo.

Akarudia. Zipu ya 4,000, tumeiulizia bei kwa vocha ya 6,000. Nikauliza, na bei mliipata? Akasema simu ilikata.

Saa 11 jioni ndipo tukafika mengineyo. Nje giza la ukungu linaingia, watu wameshabeba mikoba. Nikaeleza hoja yangu nikiwa nimesimama wima, kwa ufupi, kwa staha, bila kutaja viungo. Mzee wa nyegere akasema vijana mmelegea, wao walipanda kwenye magogo kifua wazi, mwenge wa majani mkononi, na wamezaa watoto tisa. Mwingine akasema ovaroli ikitengenezwa kila mtu ataitaka, itachakaa. Hapo sikuelewa, na hata sasa sijaelewa.

Uamuzi ukawa huu: iundwe kamati ndogo ya zipu, wajumbe wawili, ilete taarifa mkutano mkuu ujao. Mwenyekiti wa kamati, mimi. Posho, hakuna. Mjumbe wa pili, akidi. Aliteuliwa akiwa usingizini, akapigiwa makofi, akaamka akidhani amechaguliwa diwani, akashukuru.

Zamu yangu ya kurina ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Mama watoto aliitazama ile ovaroli, akaniambia ingia. Nikaingia. Akachukua sindano ya magunia na uzi wa kiroba, akanishona nikiwa ndani, kutoka kitovuni mpaka mwisho, kushona kwa kubana kama gunia la viazi vya kwenda Dar. Hakuna nyuki atakayepita hapo, alisema, na alisema kweli. Nilirina mizinga minne kwa raha zangu, nikiwa nimetuna kifua.

Ila kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimekunywa vikombe vitatu vya chai kwa sababu ya baridi, na mkasi ulibaki kwa mama watoto, mwendo wa dakika 40 kwa miguu.