Asilimia 99.98 ya watu ambao hawakuulizwa

Sheria ya kumhesabu kila mtu mzima kuwa amekubali viungo vyake vichukuliwe akifa, isipokuwa aliyejiandikisha kukataa, inazidi kuenea. Wales waliianza Desemba 2015, Uholanzi Julai 2020. Hoja yake ni nzito: wagonjwa wanakufa wakisubiri figo au ini, na marehemu mmoja anaweza kuokoa hadi watu wanane. Anayesita huonekana hana huruma. Nadhani hajasikilizwa.

Utafiti wa 2003 ulionyesha kuwa waliohesabiwa kuridhia Austria, yenye sheria hiyo, ni asilimia 99.98; Ujerumani, ambako mtu hujiandikisha mwenyewe, ni 12. Namba hizo hazikosi kutajwa mjadala ukianza. Lakini 99.98 ni hesabu ya nini? Ni ya watu ambao hawakusema hapana, wakiwamo wasiojua kabisa kwamba kimya chao kinahesabiwa. Figo zilizopandikizwa hazimo humo. Tofauti ya wachangiaji halisi baina ya majirani hao ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na pengo hilo la kwenye karatasi.

Tazama Hispania, mfano unaopendwa kuliko yote. Sheria wanayo tangu 1979, na miaka kumi baadaye walikuwa bado na wachangiaji 14 hivi kwa kila watu milioni. Mwaka 1989 likaanzishwa shirika la taifa la upandikizaji chini ya daktari Rafael Matesanz. Likaweka waratibu hospitalini, wengi wao madaktari wa wagonjwa mahututi, wa kumtambua mapema anayeweza kuchangia na kuketi na wafiwa. Sasa wachangiaji wamevuka 45 kwa kila watu milioni. Na familia ikikataa, maiti haiguswi! Matesanz mwenyewe alishikilia kwamba siri haikuwa sheria.

Brazili nayo ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 1997, ikazua hofu kwamba madaktari wangeharakisha kifo, ikafutwa 1998.

Ni kweli, Wales kiwango cha ridhaa kilipanda baada ya sheria. Ila iliambatana na kampeni kubwa ya kuhimiza watu waambiane nyumbani wanachotaka, na kuzitenganisha athari za viwili hivyo si rahisi.

Mimi ningeikubali sheria hii pale tu ambapo waratibu wapo tayari na wanalipwa, kila mtu amefikishiwa swali, na neno la wafiwa bado lina nguvu ya kuzuia.