Kabla ya kumnyang'anya mama mkaa, tuulize atapikia nini

Serikali iliagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, halafu Mei 2024 ukazinduliwa mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania mwaka 2034. Tangu hapo hoja hapa Arusha imetoka kwenye mashule imeingia mpaka kwa mama ntilie na kwenye nyumba za kupanga. Wapo wanaotaka marufuku ishuke mpaka chini kabisa, kila mtu ahamie gesi, na wanasema anayeng'ang'ania mkaa ni mbishi au hana elimu. Mi nasema hawa watu kwenye sayansi wako sahihi, ila huyo mama hawamjui.

Tuanze na pale walipo sahihi maana sio padogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hao ni watoto chini ya miaka 5. Kinachoua zaidi ni vumbi laini wanaloliita PM2.5, chembe ndogo kiasi kwamba pua na koo haziwezi kuzizuia, zinafika mpaka ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, ndo maana hasara yake haiishii kwenye kukohoa, inafika kwenye moyo na kiharusi. Mkaa nao una shida yake, gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu na inaua, na baridi la Juni na Julai la huku kwetu watu wanaingiza jiko chumbani wanafunga mlango na dirisha wanalala. Hapo hakuna utetezi, jiko la mkaa halilali ndani, hilo lisemwe kila mwaka kabla baridi halijaanza.

Sasa ile namba ya vifo 33,000 kwa mwaka hapa Tanzania, ambayo viongozi wanairudia kwenye kila kampeni. Siikatai, ila inatumika vibaya. Namba za aina hii hazihesabiwi hospitali, hakuna daktari anayeandika "moshi" kwenye cheti cha kifo, zinakokotolewa: watu wangapi wanavuta moshi, kiasi gani, na moshi huo unaongeza hatari ya nimonia, kiharusi na magonjwa ya moyo kwa kiasi gani. Hesabu nzuri tu. Lakini ndani ya hesabu hiyo anayevuta vumbi jingi zaidi ni yule wa kuni, mafiga matatu ndani ya jiko lisilo na dirisha, na huyo wengi wao wako vijijini. Mkaa ulishapitia tanuri, vile vitu vinavyotoa moshi kwenye mti vimeshaungua kwa sehemu kubwa huko porini, kwa hiyo ukishakolea unatoa vumbi dogo kuliko kuni. Sasa tunachukua namba inayobebwa zaidi na kuni tunaenda kumpiga nayo mama wa mkaa wa Ngarenaro, ambaye kwenye ngazi ya kuni, mkaa na gesi yuko katikati, alishapanda toka kwenye kuni!

Na ukimsukuma toka katikati unadhani anaenda wapi? Hapa ndo roho inaniuma. Mtungi mdogo wa kilo 6 kuujaza unahitaji elfu ishirini na kitu kwa mkupuo. Mama ntilie anaishi kwa mzunguko wa siku, asubuhi anachukua mkaa wa buku mbili tatu, mchele, nyanya, mafuta ya kupima, jioni anahesabu faida anatoa mchezo wa kikoba kinachobaki kinanunua vya kesho. Ukijumlisha mwezi mzima mkaa unaweza kuzidi gesi kwa bei na yeye anajua, mtu anayegawa sahani za wali siku nzima hawezi kushindwa hesabu hiyo, ila hiyo elfu ishirini haikai mkononi mwake kwa pamoja. Halafu kuna kande, mahindi na maharage masaa matatu jikoni, mtungi mdogo unauangalia unaisha. Mkaa ukiadimika au ukipanda bei huyu haendi kwenye gesi, anashuka kwenye kuni, maranda ya mbao toka kwa mafundi seremala, mabox, chochote kinachoshika moto. Mtaa mzima unavuta vumbi zaidi ya jana na sisi tunaripoti kwamba mkaa umepungua mjini.

Hili lilishaonekana Nairobi kwenye makazi ya Mukuru kwa Reuben, mwaka 2020 wakati wa zuio la corona kipato kiliposhuka. Waliokuwa wanapikia gesi ya mtungi mzima, kama robo yao walirudi kwenye mafuta ya taa na kuni. Waliokuwa na mita, unalipia gesi kwa simu kidogo kidogo kama umeme wa LUKU, karibu wote waliendelea na gesi. Mtaa ule ule, gesi ile ile, kilichotofautiana ni namna ya kulipa. Na teknolojia hiyo hata sio ya kuagiza mbali, kampuni ya KopaGas walianzia Dar es Salaam.

Watu wa marufuku watasema gesi kidogo ni bora kuliko kusubiri. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Guatemala, India, Peru na Rwanda, wajawazito 3,200, nusu wakapewa jiko na gesi ya bure. Waliopewa gesi walivuta vumbi kama maikrogramu 24 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wasiopewa kama 71, hiyo ni kazi kubwa sana, ila angalia neno bure, ndo lililofanya waache kuni. Na bado uzito wa watoto waliozaliwa haukuwa na tofauti ya maana, na hiyo 24 bado iko mbali na kiwango cha WHO ambacho ni 5 kwa mwaka. Jirani anawasha kuni, mwingine anachoma takataka, barabara ina magari ya dizeli, hewa haina ukuta.

Sufuria ya presha ya umeme nayo inafaa sana kwa maharage, inakula chini ya uniti moja, tatizo nyumba ya kupanga LUKU ni moja wapangaji sita, ukipika kande kwa umeme ugomvi unaanza siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mi ningetaka halmashauri ianze na masoko, Kilombero na Samunge, mita za gesi kwa mama ntilie wote wa soko kwa pamoja, walipie wanavyolipia mkaa, kwa siku. Wakati huo huo wafundishwe kuacha kuwashia mkaa kwa mifuko ya plastiki, maana ukipita alfajiri wakati majiko yanawashwa utaona ule moshi mweusi wa mwanzo unaotoka kwenye plastiki, na hilo halihitaji bajeti. Wa vijijini wa kuni, kuanzia huko Ngaramtoni kwenda juu, wapewe kipaumbele kwenye mitungi ya ruzuku. Marufuku ya mkaa wa kopo iwe ya mwisho kwenye orodha, ije pale mita zitakapokuwa zimeshafungwa na zimefanya kazi msimu mzima wa baridi.