Mwizi wa Umeme Anaishi Jikoni Kwangu

Jamani, nimemtuhumu jirani bure. Miezi mitatu mfululizo bili ya umeme inapanda kama vile nimefungua kiwanda uani, nikaamini kuna mtu kaniunganishia waya. Nikawa natoka usiku na tochi, nafuata waya ukutani hatua kwa hatua. Jirani maskini akinisalimia, "Habari za kwako?" mimi najibu, "Tupo, wengine tunalipia nyumba mbili." Mtu wa watu ananitazama tu.

Usiku mmoja nikasema leo namkamata. Nikazima taa, nikazima televisheni, nikawanyang'anya watoto chaja zao, nikaenda kusimama mbele ya mita. Mita inahesabu! Nyumba giza totoro, watoto wananung'unika, mita inahesabu. Nikatega sikio. Kutoka jikoni: nguuuuu. Nikaenda nikachomoa friji, nikarudi mbio. Mita kimya.

Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu wa kwangu kavaa nyeupe, kasimama kwenye kona, na juu yake tumempa kitambaa na ua la plastiki.

Kesho yake nikavuta kiti, nikakaa naye na saa mkononi. Friji ya kawaida kama yangu inatakiwa kunguruma, ikatosheka, ikanyamaza, halafu ikaanza tena. Yangu saa nzima haikukohoa. (Zipo hizi za inveta zinazokwenda polepole muda mrefu bila kuzima, hizo ni sawa. Yangu si inveta. Yangu ni njaa.)

Nikamwita fundi. Hakuigusa. Alisimama mlangoni, akaisikiliza kama daktari aliyechelewa basi, akasema, "Gesi imeisha, bosi." Mara ya tatu hiyo mwaka huu! Nikalipa, akajaza, akaondoka. Nguuuuu.

Fundi wa pili alikuwa kijana mdogo, umri wa mwanangu wa kwanza. Nilipomweleza habari ya gesi alicheka mpaka akaweka mkoba kwenye kiti. "Mzee, gesi ya friji hailiwi. Inazunguka mle mle kwenye mabomba yaliyofungwa, miaka nenda rudi. Ikipungua, ujue kuna tundu. Anayekujazia bila kuziba tundu anajaza maji kwenye pakacha." Akapima, gesi iko vizuri kabisa. Maana yake ile ya tatu nilinunua hewa. Nilitaka kukaa chini, lakini kiti kilikuwa kimebeba mkoba wake.

Halafu akaniuliza swali ambalo sikulipenda. "Mzee, unafikiri hii friji inatengeneza nini?"

Nikamwambia baridi. Ingetengeneza nini, viatu?

"Baridi haitengenezwi," akasema. "Friji ni hamali. Kazi yake ni kubeba joto lililo ndani na kwenda kulimwaga nje, huku nyuma." Akanishika mkono akaupitisha nyuma ya friji. Moto! Kumbe gesi ikiwa ndani inachemka kwenye mabomba ya baridi na kulinyonya joto la vyakula, kompresa inaibana mpaka inapata moto, inapita kwenye wavu wa nyuma, inalitema joto jikoni, inageuka kimiminika, inarudi ndani kuanza upya. Na hamali huyu si ghali: kwa uniti moja ya umeme anaweza kubeba joto la uniti mbili, hata tatu. Isipokuwa umwekee mlima. Kadiri nje kunavyozidi kuwa na joto na ndani unavyotaka baridi zaidi, ndivyo mlima wake unavyozidi kuwa mrefu, na yeye mshahara anadai kwa urefu wa mlima.

Sasa tazama mimi nilivyomjengea. Kushoto jiko. Kulia ukuta. Nyuma ukuta, tena nilimsukuma kwa bega mpaka akagusa, nikajisifu kwamba nimepata nafasi ya kupitisha meza. Joto analolitoa ndani linagonga ukuta, linakaa palepale, anavuta hewa ileile ya moto aliyoitapika mwenyewe. Na mimi nalalamika anahema.

Tulipoivuta tukaona kilichokuwa nyuma. Sikuwahi kujua vumbi linaweza kuota manyoya. Ule wavu wa mabomba ulikuwa umevaa sweta. Sweta kabisa, la kijivu, lenye nywele, nyuzi, soksi moja ya mtoto tuliyoitafuta mpaka tukagombana, na kofia mbili za kalamu. Kijana akachukua brashi, akasugua taratibu kutoka juu kwenda chini, vumbi likawa linaanguka kwa vipande kama ngozi ya nyoka. Mama watoto akatokea, akaangalia, akaniangalia mimi. Hakusema neno. Ningependelea angesema.

Fundi akaomba karatasi. Nikampa bili, ndiyo iliyokuwa karibu. Akaiweka mlangoni, akafunga friji juu yake, akaivuta. Bili ikatoka laini, kama inatoka kwenye bahasha. "Mpira haushiki," akasema. "Karatasi inatakiwa ikugomee." Akazunguka mlango wote anajaribu, kule chini kwenye kona, ambako makombo yalikuwa yamegandana na sharubati ya mwaka gani sijui, bili ilikuwa inaanguka yenyewe. Tukauosha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ukarudi kushika upande mmoja. Upande wa pili ulishapasuka, tukabadilisha. Mpira tu! Miezi mitatu nimechuniana na jirani kwa sababu ya mpira na sweta!

Ndani nako nikasomewa mashtaka. Ile namba nilikuwa nimeizungusha mpaka mwisho, 7, kwa imani kwamba mwanaume hanunui 7 akatumia 3. Kumbe nyuzi 4 zinatosha kwa vyakula, na friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukizidisha unarefusha mlima tu, na mboga zinaganda ziwe kioo. Barafu nayo. Mimi nilikuwa nikiona friza imejaa barafu ukutani najua friji ina nguvu. Kijana akasema barafu ile ni blanketi, inazuia joto lisifike kwenye mabomba, ikifika unene wa nusu sentimeta uyeyushe. Nikauliza naweza kuibandua kwa kisu? Akanitazama. Nikanyamaza. Friji iliyotangulia hii ilikufa kwa kisu changu, lakini kwa mama watoto marehemu alikwenda kwa uzee, na tuache hivyo.

Sasa nimekuwa askari wa jikoni, na sina rafiki. Kijana wangu anafungua friji anasimama. Anatazama. Hachukui kitu. Anafunga. Baada ya dakika tano anarudi kuangalia kama chakula kimezaliwa. Binti anaingiza sufuria ya supu inayofuka moshi, ninamwambia hamali ataibeba hiyo supu mgongoni kijiko kwa kijiko, ananijibu, "Baba, ni friji." Na mimi mwenyewe, nikiri, siku moja ya joto kali niliacha mlango wazi nikakaa mbele yake ili jikoni kupoe. Jikoni kukazidi kuwa moto. Anatoa joto mbele, analimwaga nyuma, chumba kilekile, na juu yake anaongeza joto la umeme anaoutumia. Nilikuwa nimelipia kupikwa.

Ndiyo maana simshangai mtu yeyote anayehangaika na mashine hii. Hata Albert Einstein, na akili zile zote, alikaa na mwanafizikia mwenzake Leo Szilard katika miaka ya 1920 wakabuni friji isiyo na kompresa, maana enzi hizo gesi za friji zilikuwa sumu na zikivuja zinaua watu. Wakaja wengine na gesi isiyoua mtu; tukashangilia, kumbe inatoboa ozoni, mpaka mwaka 1987 mataifa yakakubaliana Montreal kuanza kuiondoa. Ikaja mbadala wake, haitoboi ozoni lakini inapasha dunia joto vibaya sana. Wakakutana tena Kigali mwaka 2016 kuipunguza. Yangu imeandikwa R600a, ndilo jina la gesi yake, ndugu wa gesi ya kiberiti cha gesi, kiasi chake hata gramu 100 hakifiki. Yaani fundi wa kwanza alinitoza kama anajaza lori.

Chumbani kwa vijana kuna kiyoyozi, huko ndiko kuna vita vyenyewe. Wanakiweka nyuzi 16, halafu wanajifunika blanketi mbili. Nikiuliza, "Ili kupoe haraka, baba." Kile cha kwetu hakina haraka! Kompresa yake ina mwendo mmoja tu. Ukiweka 16 au 25 inakimbia vilevile, tofauti ni kwamba kwenye 16 haisimami. Ni kama kubonyeza kitufe cha lifti mara kumi. Nikafungua kichujio chake, nacho kilikuwa na sweta, mtoto wa lile la jikoni. Nimekiosha, nimeweka 25, nimewasha na feni, na nimetangaza kwamba feni haipozi chumba, inampoza mtu, kwa hiyo mtu akitoka feni izimwe. Rimoti naiweka mfukoni. Nalala nayo.

Na bili imeshuka, nisiseme uongo. Nikaenda hata kwa jirani kumsalimia vizuri. Amepigwa na butwaa, sasa ndiyo ananiogopa kabisa.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Shemeji yangu kapiga simu: "Shemeji, nimesikia umehangaika na friji. Nakuletea yangu ya zamani iwe ya pili. Chuma tupu hiyo, ya miaka ya sabini, hawatengenezi tena vitu kama vile." Namshukuru Mungu hawatengenezi! Huko Marekani friji mpya ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa inakula uniti kama 1,800 kwa mwaka, na za leo nyingi, tena kubwa kuliko zile, hazifiki nusu ya hapo. Nikamweleza mama watoto. Akasema, "Tutaweka maji ya kunywa tu." Kama vile friji inajali ilichobeba.

Jana jioni imefika, imebebwa na wanaume wanne. Nikawapokea, nikawapa maji, nikatoa bili yangu mfukoni. "Shemeji, kwa heshima zote, naomba niupime mpira kwa karatasi."

"Karatasi ya nini?" akasema. "Mlango wenyewe hauna bawaba, shemeji. Nimekuja na kamba."